Kabureta imesafishwa mara nne na bado inamwaga petroli. Nimwambie nini mjomba?

Shikamoo mshauri,

Nakuandikia nikiwa nimekaa kwenye kizingiti cha mlango wa nyuma, maana ndani harufu ya petroli imetanda tena na kichwa kinaniuma.

Nina miaka 36. Naishi na mama yangu na wanangu wawili. Baba alipofariki alituachia pampu ya maji yenye injini ndogo ya petroli, ya silinda moja, ile ya kuwasha kwa kuvuta kamba. Tangi lake ni la chuma na limekaa juu ya injini. Pampu hiyo ndiyo inayomwagilia bustani yangu, na bustani ndiyo inayotuendeshea maisha. Jioni tukimaliza kazi tunaiingiza stoo. Stoo yenyewe imepakana ukuta na chumba wanacholala watoto.

Miezi saba iliyopita nilikuta asubuhi sakafu imelowa chini ya kabureta. Nikamwita mjomba, mdogo wake mama. Ni fundi tangu mimi sijazaliwa. Nusu ya ada yangu ya shule ilitoka kwenye spana zake, na hilo sitalisahau. Alifungua kabureta, akaisafisha, akaifunga. Ikakaa wiki tatu bila hata tone, kisha ikaanza upya. Akaja tena, akasafisha tena, ikakaa wiki mbili. Mara ya tatu akasema sindano ya floti imechoka, akaweka mpya. Nikafurahi, lakini mwezi haukuisha. Mara ya nne ni majuzi tu, na safari hii imekaa siku tisa.

Kinachonivuruga ni kwamba inavuja inapotaka. Nikiwa namwagilia, hata saa tatu mfululizo, haidondoshi kitu. Usiku ikiwa imezimwa ndipo inamwaga, na usiku mwingine haimwagi. Mjomba akija mchana kuitazama anaikuta kavu, mpaka naonekana mwongo. Siku moja niliigongagonga kwa mpini wa bisibisi kwa hasira, na kweli ikaacha kuvuja siku mbili.

Kaka yangu anasema mjomba anajua anachokifanya. "Fundi akimaliza ugonjwa atakula nini?" Mara mbili za mwanzo mjomba hakuchukua hela, lakini mbili za mwisho alichukua, na hapo ndipo kaka aliposhikilia. Anataka ninunue kabureta mpya kimyakimya, aje fundi mwingine aifunge siku ambayo mjomba hayupo. Fedha ninayo, ila ni ada ya muhula ujao ya mwanangu mkubwa. Mama amesikia fununu. Ameniambia kwamba siku fundi mgeni atakapogusa mashine ya marehemu ilhali mdogo wake yuko hai, nitakuwa nimemvua nguo mbele za watu.

Nimejaribu kuchunguza mwenyewe. Mara ya mwisho mjomba alinionyesha unga mwekundu uliotulia chini ya bakuli la kabureta, laini kama vumbi la matofali. Akaupangusa kwa kidole, akasema, "Uchafu tu." Petroli tunanunua ya kutosha miezi miwili na tunaiweka kwenye dumu la chuma alilokuwa akitumia baba. Mama hataki tutumie jingine. Kila Jumamosi hulifuta kwa kitambaa. Koki ya mafuta huwa siifungi, ni ngumu, na baba pia hakuwa akiifunga. Habari njema ni moja tu: wiki hii nilipima oili nikaikuta imepanda kupita alama ya juu, kwa hiyo angalau injini hailambi oili.

Je, mjomba ananichezea? Ninunue kabureta mpya? Na nikimwita fundi mwingine, nitamtazamaje mjomba usoni?

Mimi mwenye pampu

JIBU LA MSHAURI

Marahaba, mdogo wangu.

Kabla ya mjomba na kabla ya kaka, naomba turudi kwenye hiyo habari njema ya oili, kwa sababu ndiyo iliyonishtua kuliko yote. Oili haizaliani ndani ya injini. Ikipanda bila mtu kuongeza, kuna kitu kingine kimeingia humo, na kwa maelezo yako kitu hicho ni petroli. Bakuli la kabureta likijaa kupita kiasi, petroli hupata njia mbili. Sehemu yake hutoka nje kupitia tundu la kupumulia, ndiyo unayoikuta sakafuni. Nyingine hupita kwenye koo la kabureta, na ikikuta valvu ya kuingizia imesimama wazi, huingia kwenye silinda na kuteremka taratibu kando ya ringi za pistoni mpaka kwenye oili. Zile asubuhi ambazo sakafu ilikuwa kavu, huenda ilikuwa inavujia ndani. Chomoa kile kijiti cha kupimia, ukinuse. Kikinuka petroli, usiiwashe pampu hata kwa dakika tano, kwani oili iliyochanganyika na petroli huwa nyepesi na haiwezi tena kuzikinga beringi na kuta za silinda. Oili hiyo itabidi imwagwe yote, ila usiibadilishe leo. Ukiweka mpya kabla uvujaji haujakoma, nayo itaharibika usiku huohuo.

Na kama siku moja kamba ikakataa kuvutika, usilazimishe. Silinda inaweza kuwa imejaa petroli, na pistoni haiwezi kukandamiza kimiminika kama inavyokandamiza hewa. Nguvu yako itaishia kuvunja kitu ndani.

La pili la haraka ni stoo. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa. Haupandi ukapotelea juu kama moshi. Hutambaa sakafuni, hupita chini ya milango, hukaa kwenye mabonde ya sakafu ukisubiri cheche. Petroli hutoa mvuke unaoweza kushika moto hata kwenye baridi ya nyuzi 40 chini ya sifuri, kwa hiyo ubaridi wa usiku si kinga. Pampu na dumu visilale tena ndani ya nyumba wanamolala watoto. Viwekwe nje, penye hewa na kivuli, mbali na jiko na taa ya moto. Koki kama haifungiki, mwaga petroli yote ya tangini. Hili siliweki kwenye mizani pamoja na mengine. Lifanye leo kabla giza halijaingia.

Sasa tuongee.

Nimeisoma barua yako mara tatu, na ninavyokusikia una maswali mawili yaliyofungwa fundo moja. La kwanza: kwa nini kabureta inavuja? La pili: je, mtu aliyenilea ananidanganya? Kwa miezi saba umekuwa ukijibu la pili kwa kutumia la kwanza. Kila tone unalolikuta sakafuni unalihesabu kama ushahidi dhidi ya mjomba, na ndiyo maana linakuuma kuliko tone la kawaida. Mimi ningependa tuyatenganishe kwanza.

Umewahi kutazama tangi la maji lenye kiboya? Maji yakipanda, kiboya kinapanda nayo, kinafunga bomba. Kabureta yako inafanya kazi vivyo hivyo. Utaratibu huu wa floti ni mkongwe; Wilhelm Maybach aliutumia kwenye kabureta yake ya kunyunyiza mwaka 1893, na injini ndogo za leo bado zinautegemea. Petroli inateremka kutoka tangini kwa uzito wake yenyewe, inaingia bakulini, floti inapanda, na floti inaisukuma sindano yenye ncha laini ikae kwenye kiti chake na kuziba tundu. Nguvu inayoibana sindano hiyo ni ndogo sana, ni ule msukumo wa kiboya chepesi tu. Punje ya uchafu ambayo hata vidole vyako havitaihisi ikikaa kati ya ncha na kiti, tundu halizibiki tena. Petroli inapita kidogo kidogo usiku kucha.

Hapo utaona kwamba mashine yako haivuji kwa kujitakia. Ikiwa inafanya kazi, injini inakunywa petroli kwa kasi kuliko ile inayopenya pembeni, kwa hiyo huoni kitu. Ikizimwa, ile inayopenya haina mnywaji. Usiku ambao punje imesogea, sindano inakaa vizuri na sakafu inabaki kavu. Mjomba anakuja mchana, ameibeba, ameitikisa, punje imehama, anaikuta nzima. Na ule mpini wa bisibisi uliogongea kwa hasira uliiangusha punje. Hasira yako ilikupa kipimo kizuri kuliko ulivyodhani: kama kugonga kunatibu kwa siku mbili, basi kuna kitu kinachokuja kukaa pale, kinaondoka, kisha kinakuja kingine.

Kinatoka wapi? Rudi kwenye kidole cha mjomba. Unga mwekundu kama vumbi la matofali ni kutu ya chuma. Mwili wa kabureta ndogo kwa kawaida ni wa alumini au wa mchanganyiko wa zinki, na hizo hazitoi kutu nyekundu. Zikiliwa na maji hutoa unga mweupe. Bakuli peke yake ndilo wakati mwingine huwa la bati la chuma, kwa hiyo nalo litazamwe ndani. Likiwa safi, kutu hiyo imesafiri. Imetoka juu, ama tangini ama kwenye lile dumu.

Ndipo nakuuliza kwa upole kuhusu dhana ya kaka. Fundi anayetaka urudi kila mwezi angekuonyesha ule unga? Angelinyamazia. Pia kubadilisha sindano halikuwa jambo la kubuni. Sindano iliyokaa juu ya uchafu kwa muda hupata alama ya duara kwenye ncha, na ikishapata alama hiyo hata ukiisafisha haizibi tena. Mimi naona mtu aliyesafisha vizuri mahali petroli inapoishia, huku mahali inapoanzia pakiendelea kutema kutu.

Hata hivyo sitaki nimsafishe mjomba kwa maji yako. Fundi akiona unga uleule mara nne anapaswa kuuliza unatoka wapi. Huenda ni uchovu, huenda ni mazoea ya miaka mingi, huenda aliona haya kumwambia dada yake kwamba dumu la marehemu linachafua mafuta. Hilo la mwisho nalifikiria sana. Wewe unamjua, mimi simjui. Lakini kutojali, kuona haya na kudanganya ni mambo matatu tofauti, na kila moja lina dawa yake.

Nawe pia nikuulize kuhusu koki. Baba hakuwa akiifunga, ni kweli. Wakati huo tangi lilikuwa na umri gani? Koki ikiwa wazi, tangi zima liko nyuma ya ile sindano moja. Koki ikifungwa, kinachoweza kumwagika ni kile tu kilichobaki bakulini. Haitibu uchafu, ila inaziba njia ya petroli usiku. Kama ni ngumu, hiyo nayo ni dalili: koki nyingi zina wavu mdogo au kikombe cha mashapo chini yake, na kikombe kilichojaa uchafu kwa miaka hukwamisha kila kitu.

Kabla hujaamua lolote, fanya kipimo kimoja ambacho hakihitaji fundi wala ada ya mtoto. Tafuta chupa mbili za kioo, safi na kavu. Ukiwa nje, injini imepoa, kabla hujamwaga ile ya tangini, chomoa mpira wa mafuta upande wa kabureta, uache petroli itiririke kwenye chupa ya kwanza. Ya pili ijaze kutoka chini kabisa ya dumu, ile ya mwisho ambayo huwa inakung'utwa. Zifunike, uziache kivulini saa moja bila kuzigusa. Kisha zitazame kwa chini. Chembe nyekundu zilizotulia ni kutu. Matone ya maji yanayobingirika chini bila kuchanganyika ni unyevu, na ndiyo mzazi wa hiyo kutu. Makombo meusi yanatoka kwenye mpira wa mafuta unaomomonyoka kwa ndani; mpira wa nje unaweza kuonekana mzima kabisa. Petroli iliyogeuka rangi ya chai na kunuka kama vanishi imechacha, na hiyo huacha utando unaonata kwenye sindano. Unaweza kukuta zaidi ya kimoja. Chupa ya dumu ikiwa chafu na ya tangi safi, au kinyume chake, utajua pa kuanzia.

Nakisia kwamba dumu litahusika, ingawa sijaliona. Mama hulifuta nje kila Jumamosi, na sidhani kama kuna aliyewahi kutazama ndani. Dumu la chuma lililojaa nusu hupumua: mchana likipata joto hewa hutoka, usiku likipoa huvuta hewa yenye unyevu. Unyevu hugeuka matone kwenye kuta za ndani na kuteremka. Lita moja ya petroli ina uzito wa kama robo tatu ya kilo, maji ni kilo nzima, kwa hiyo maji huzama chini na kukaa pale, hayaonekani, yakila chuma. Ukitaka kuchungulia ndani, limwage kwanza, liache wazi nje lipigwe upepo, kisha elekeza mwanga wa jua kwa kioo cha mkononi. Kibiriti hapana, na hata tochi iache.

Sasa, njia zilizo mbele yako.

Kununua kabureta mpya kunavutia, nakubali. Unafungua boksi, inang'aa, unalala usingizi. Lakini mpya itakunywa kutoka tangi lilelile. Kama kutu bado inateremka, kabureta mpya itaanza kuvuja kama ya zamani, na ada ya mwanao itakuwa imekwenda na swali kubaki. Kuna hali ambayo kununua ni sawa: ikiwa kiti cha sindano kimekwaruzika na hakibadilishiki, au floti imetoboka. Floti ikitikiswa na kusikika petroli ndani, imekwisha. Hayo mawili yanaweza kuangaliwa kabla hela haijatoka mfukoni.

Kusafisha njia nzima ni kazi ndefu zaidi, na huko ndiko ningependa uelewe kila hatua hata kama mkono si wako. Tangi hutolewa, humwagwa, na koki hufunguliwa pamoja na wavu wake. Kutu nyepesi huondolewa kwa siki iliyolazwa ndani usiku mmoja pamoja na kipande cha mnyororo safi cha kutikisia. Kisha husuuzwa kwa maji yenye magadi soda, na hapo haraka inahitajika, kwa kuwa chuma kilichovuliwa kutu na kuachwa na maji huanza kupata kutu mpya siku hiyohiyo. Kikaushwe juani mara moja, kisha kisuuzwe kwa petroli kidogo. Hatari iliyopo ni kwamba tangi lililoliwa sana huwa limezibwa na kutu yake yenyewe. Ukiiondoa, vitundu vinafunguka. Siki hiyo isiguse kabureta, itaila. Kabureta husafishwa kwa dawa yake ya kupuliza, sehemu za mpira zikiwa zimetolewa, na jeti, vile vipande vyenye tundu jembamba la kupimia petroli, hazichokolewi kwa waya, kwani waya hupanua tundu na injini haitapata tena kipimo chake. Upepo wa kompresa usielekezwe ndani floti ikiwa bado imefungwa. Gasketi ya bakuli ikishavimba kwa petroli huwa hairudi kwenye mfereji wake, kwa hiyo iandaliwe mpya kabla ya kufungua. Ukiona hili ni zito, si aibu. Niliyoyaandika ni ili ujue cha kuuliza.

Baadaye ndipo filta inapoingia. Watu wengi huifunga filta kwanza wakidhani wamemaliza, kumbe tangi chafu huiziba ndani ya siku chache, injini ikakosa mafuta na kuzimika katikati ya kazi. Na si kila filta inafaa. Petroli yako inateremka kwa uzito tu, kutoka kimo cha kama shubiri moja, hivyo filta ya karatasi nzito iliyotengenezwa kwa gari lenye pampu ya mafuta inaweza kuikwamisha. Omba ile ya mfumo wa kuteremka, ifungwe mshale ukielekea kabureta. Chagua ya plastiki angavu. Siku utakapoona wekundu ndani yake utajua kabla sakafu haijakuambia.

Petroli yenyewe usiiweke miezi miwili. Watengenezaji wengi wa injini ndogo wanashauri isikae zaidi ya siku 30 bila dawa ya kuihifadhi. Nunua kidogo mara nyingi. Unapojaza, pitisha kwenye faneli yenye wavu laini, na ule mwisho wa dumu, kina cha kidole kimoja hivi, usiumimine tangini.

Fundi mwingine? Unayo haki hiyo, na watoto wako wanalala pembeni ya ukuta ule. Ila jiulize fundi huyo mgeni ataambiwa nini. Akiambiwa "kabureta inavuja," naye huenda akaisafisha, ikakaa wiki tatu, na wewe utakuwa umepoteza mjomba bila kupata pampu. Akiambiwa "kuna kutu inateremka kutoka juu, naomba tangi, koki na mpira viangaliwe," utapata kazi tofauti. Kwa sentensi hiyohiyo, mjomba naye angefanya kazi tofauti. Kumleta mgeni kwa siri kuna uzito wa aina yake, kwa kuwa mama ameshasikia fununu na siri ya nyumba yenu haina mlango. Kumleta wazi, ukamwambia mjomba mapema kwamba unataka macho mawili zaidi kwa ajili ya usalama wa watoto, kunaweza kumuuma, lakini kunamwacha na heshima ya kuambiwa. Na kuna uwezekano wa tatu, kwamba mjomba mwenyewe akapumua kwa kupata msaidizi. Wewe ndiye unayejua yupi kati ya hao watatu anaishi ndani yake.

La mama ndilo lililonifanya niweke kalamu chini kwa muda. Kwake lile dumu si chombo cha mafuta. Ni mkono wa baba yenu. Ukimwambia "dumu ni bovu," atasikia jingine. Labda unaweza kumwomba dumu lipumzike, likauke, lipate mahali pake pa kukaa likifutwa kila Jumamosi kama kawaida, na petroli ihamie kwenye dumu la plastiki lililotengenezwa kwa ajili ya petroli, si chupa ya maji wala galoni ya mafuta ya kupikia. Anaweza kukataa. Anaweza kulia. Kumwonyesha chupa ya kioo yenye kutu chini kunaweza kusaidia, na kunaweza pia kumuumiza, kwa kuwa ataona kwamba alichokilinda kwa upendo ndicho kilichokuwa kikivujisha petroli karibu na wajukuu wake. Kama utamwonyesha, mwonyeshe mkiwa wawili tu, kaka asiwepo.

Mjomba naye, ungeweza kuanza bila kumtaja yeye kabisa. Kitu kama hiki: "Mjomba, ule unga mwekundu ulionionyesha umenikaa kichwani. Nimeweka petroli kwenye chupa, moja ya tangi na moja ya dumu. Njoo tuzisome pamoja, uniambie kutu hii inaanzia wapi. Na oili imepanda, nimeogopa kuiwasha." Kisha nyamaza, umtazame anavyozishika zile chupa. Akiinama kuzichunguza, mpe muda. Akizisukuma pembeni na kusema tena ni uchafu tu, utakuwa umepata jibu lako la pili kutoka kwake mwenyewe, wala hutahitaji la kaka.

Mkimaliza matengenezo, pampu ikae nje juu ya kipande cha kadibodi kikavu, koki ikiwa wazi kwa saa moja, uone kwa macho yako kama kadibodi imelowa. Kisha badilisha oili, funga koki, na iwe hivyo kila jioni. Wanao walale salama, mdogo wangu. Niandikie ulichokikuta kwenye chupa.